Agosti ya Mghoi

Jumapili, 6 Julai

Zimebaki siku ishirini na saba, na kama kuna mtu wa kuniharibia siku hizo, atatoka katika nyumba ile ya kona yenye mlango mwekundu. Naliandika jina lake mapema ili nisije nikaambiwa sikusema: Mumbi, mke wa Kanali.

Likizo ya nyumbani hutolewa mara moja tu katika miaka mitatu ya kutumikia ng'ambo. Serikali inalipa tikiti, askari na familia yake wanakwenda kuonana na watu wao, wanarudi kazini. Yetu ni tarehe mbili Agosti. Fanuel, mume wangu, sajenti na dereva wa Kanali hapa ubalozini, aliniambia mwezi wa tano kwamba imeshasainiwa. Siku hiyohiyo nikampigia Mghoi.

Mghoi ni kifungua mimba wangu. Tulipohamishiwa London Januari mwaka jana alikuwa anaanza Kidato cha Pili, tukamwacha Wundanyi katika shule ya bweni, likizo akae na mama yangu. Fanuel alisema mtoto hang'olewi katikati ya masomo. Nilikubali, na tangu nikubali sijapata usingizi wa maana. Huyu mdogo, Keren, ndiye tuliyekuja naye. Ana miaka minane, nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno na kunijibu kwa Kiingereza chake cha Stanmore, mtaa wetu huu.

Nilimpigia Mghoi leo kwa simu ya shule. Tangu mwezi uliopita ananijibu neno mojamoja kama mtu anayelipia maneno. Mama yangu anasema ni umri. Huo umri niliufundisha darasani miaka kumi na mmoja, na haukuwa hivi.

Jumatatu, 7 Julai

Joto. Nyumba hizi zilijengwa na watu wasioamini kwamba jua lipo.

Jumamosi, 12 Julai

Chai kwa Mama Kanali. Wake wa askari hapa hatuna majina, tuna vyeo vya waume. Mke wa Meja hukaa kulia kwa Mumbi kwenye kochi. Mke wa Kapteni hukaa dirishani. Mimi, Mama Sajenti, kiti changu kiko karibu na mlango wa jikoni, mahali pa mtu anayetarajiwa kuinuka. Hakuna aliyenionyesha kiti hicho siku ya kwanza. Nilikikuta kitupu, na vingine vyote vilikuwa na wenyewe.

Kumbe tarehe ishirini na sita kuna dhifa ya wageni arobaini na mimi nimejitolea kupika chapati mia na ishirini. Kujitolea jeshini ni kujulishwa na watu kwamba umejitolea. Mke wa Meja amejitolea kupanga maua.

Nikiwa namimina chai Mumbi akaniuliza kama mwezi wa nane tuko. Nikamwambia hatuko, tunakwenda nyumbani kumwona mtoto. Akamtazama mke wa Meja, akasema "Aah", akachukua biskuti. Ile "Aah" sikuipenda. Nimerudi nayo mpaka nyumbani, nimekunja nguo nayo, nimemwogesha Keren nayo.

Jumanne, 15 Julai

Nyasi za uwanjani zimekauka zote. Nimenunua begi kubwa. Nimemnunulia Mghoi sweta na viatu, nikakumbuka sijui tena anavaa namba ngapi.

Ijumaa, 18 Julai

Fanuel alikula kwanza. Alimaliza ugali wote, akanawa, akafuta mikono kidole kwa kidole, ndipo akasema. Kanali ana ziara ya wiki mbili huko Scotland kuanzia mwanzo wa Agosti, familia inaandamana naye, na dereva anahitajika. Likizo imefutwa.

Nilimuuliza nani ameifuta. Akasema ni amri. Nilimuuliza amri ya nani, akatazama sahani. Nikamwambia basi ni ya Mumbi, yule mwanamke anataka kuzungushwa milimani huku mkono uko dirishani, na mtoto wangu aendelee kulelewa kwa simu. Hakunikanusha. Hilo liandikwe hapa: hakunikanusha.

Niliyoyasema baada ya hapo mama yangu angenifinya mdomo. Nilimwambia sare ile imemkausha ubongo. Nilimwambia mbwa wa Kanali angebweka kidogo kabla ya kukubali. Yeye akanijibu kwa sauti ileile anayomjibia Kanali: "Mama Mghoi, aliye juu mngoje chini." Nikamwambia nimemngoja miezi kumi na minane, shingo imepinda, na hajateremka hata ngazi moja.

Keren alikuwa kwenye ngazi anasikiliza. Akauliza kama bado tunakwenda kwa nyanya. Baba yake akaenda kuoga.

Jumamosi, 19 Julai

Sijapika. Wamekula mkate.

Jumapili, 20 Julai

Nimempigia Mghoi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa hasira, hata kwa kukatiwa simu. Akasema, "Sawa, Mum. Msijali." Akaniambia ana mtihani. Nikamwambia si mimi, ni kazi ya baba, ni watu wakubwa. Akasema anaelewa, baba humpigia kutoka ofisini na huongea naye vizuri. Halafu akanitakia Jumapili njema, jinsi mtu anavyomtakia mchungaji.

Siku ya wazazi kutembelea shule mwezi uliopita mama yangu hakwenda kwa sababu ya magoti. Nikamuuliza Mghoi alikaa na nani. Akasema na mama wa rafiki yake Shenaz, aliyewaletea pilau. "Ni mama mzuri," akasema. Sina neno na mama huyo. Lakini namchukia kuanzia leo saa nne asubuhi.

Jumatano, 23 Julai

Mwenye nyumba, Jitendra, alikuja kutengeneza bomba la jikoni. Alizaliwa Kisumu, aliletwa hapa angali mtoto, na Kiswahili chake ni kile cha dukani kwa baba yake, hakijaongezwa kitu tangu siku hiyo. Aliona begi limefunguliwa katikati ya sebule, halijajazwa wala halijaondolewa, akauliza safari lini. Nikamweleza yote, sijui kwa nini, pengine kwa sababu alikuwa amelala chini ya sinki na sikuwa nauona uso wake.

Akasema kutoka huko chini, "Mama, serikali iko file tu, moyo hapana." Nikacheka, mara ya kwanza wiki hii. Mkewe Kavita baadaye akaniletea achari ya embe, naye akasimama mlangoni akitikisa kichwa kama aliyekuja msibani.

Unga wa chapati umeletwa leo na mtu wa ofisini, mifuko miwili mikubwa. Nimeiweka kwenye kona ya jikoni. Kila nikipita naitazama. Nimeamua. Hata moja sitasukuma.

Jumamosi, 26 Julai



Fanuel aliondoka alfajiri kwenda kupokea wageni, hakujua lolote. Mimi nilipaswa kuanza kukanda saa tatu. Saa tatu nikakaa. Saa tano nikakaa. Nilimsuka Keren nywele mistari midogo sana, ili nisiwe na mkono wa kukandia hata ningeshawishika. Saa nane simu ikaanza kulia, nikaigeuza kifudifudi juu ya meza. Mke wa Kapteni alipiga mara tatu, mke wa Meja mara tano.

Saa tisa kasorobo mlango ukagongwa. Nilijua watamtuma mtu, na nilikuwa nimemwandalia huyo mtu maneno. Nikafungua nikamkuta Mumbi mwenyewe. Mke wa Kanali haendi kwa mke wa sajenti. Miezi kumi na minane hakuwahi kukanyaga mlangoni kwangu. Alikuwa amevaa kitenge cha dhifa na viatu virefu, jasho linamtoka, peke yake.

"Chapati ziko wapi?"

"Ziko ndani ya mfuko wa unga, Madam."

Akaniambia ana wageni arobaini wanaotegemea meza yake. Hapo nikafungua mdomo na sikuufunga. Nilimwambia yeye ana wageni arobaini, mimi nina binti mmoja, na binti huyo sijamwona tangu mwaka jana Januari. Nilimwambia amekula likizo yangu mchana kweupe akafuta mdomo kwa biskuti. Nilimwambia atafute mwingine wa kumpikia, na akifika Scotland apigwe na baridi mpaka aikumbuke Wundanyi. Keren alikuwa nyuma yangu ameshika sketi yangu. Jirani wa pili alikuwa ameacha kumwagilia maua.

Mumbi hakupandisha sauti. "Wewe, sema polepole. Nani amekuambia mimi naenda Scotland?"

Nikasema mume wangu.

"Mimi mgongo wangu hauwezi gari hata la kufika Watford. Na Kanali alikuwa aende na treni." Akajipangusa jasho kwa ncha ya kitenge. "Fanuel alikuja kwangu mwezi wa sita. Alikaa kwa kile kiti chako. Likizo aliirudisha mwenyewe, na mkono wake, akaomba aendeshe. Anataka Kanali amwandikie barua aongezewe miaka miwili hapa. Nilijua mmekubaliana. Ile siku ya chai ukasema mnaenda nyumbani, nikafikiri unanichezea."

Mikono yangu ilikuwa kiunoni. Sijui ilishuka saa ngapi. Nilitaka aseme tena, na sikutaka. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimewafundisha watoto methali hiyo miaka yote, nikiwapa mifano ya wezi na majirani.

Nilidhani atanifariji, na ningempiga. Hakunifariji. Alisema, "Basi nipe huo unga." Akaingia jikoni kwangu na viatu vyake, akabeba mifuko miwili, mmoja kila kwapa, kitenge cha dhifa kikawa cheupe upande mzima, akaondoka nayo kuelekea kona. Sikumsaidia kubeba.

Jumapili, 27 Julai

Nilimngoja Fanuel aanze kupiga viatu rangi. Yeye husema kweli akiwa na brashi mkononi, kwa sababu ana mahali pa kutazama. Nikamuuliza kwa upole. Upole huo ulimtisha kuliko makelele ya siku ile.

Alisema yote ni kweli. Akirudi Kenya mwisho wa mwaka ujao atastaafishwa mwezi huohuo, umri wa cheo chake umefika. Miaka miwili zaidi hapa ni elimu ya Mghoi mpaka chuo. Kanali hamwandikii barua kila mtu. Lazima askari aonyeshe moyo, na moyo jeshini huonyeshwa kwa kutoa kile ambacho mwingine hatoi. Yeye alikuwa na likizo tu ya kutoa. Akasema alinificha kwa sababu alijua ningekataa.

"Ilikuwa likizo yako peke yako?" nikamuuliza.

"Ni kwa ajili yake nilifanya."

"Ulimuuliza?"

Akaendelea na kiatu ambacho kilikuwa kimeshang'aa. Kisha akaipata hasira yake, maana mwanamume akikosa jibu huwa hakosi hasira. Akasema nimemmaliza. Sajenti ambaye mke wake amemgomea mke wa Kanali mbele ya majirani, nani atamwongezea miaka? Nikamwambia kama cheo chake kinasimama juu ya chapati zangu, basi si chake, ni changu, na nimejivua.

Nikamwambia nitakwenda mwenyewe na Keren. Akacheka. Pasipoti zetu ni za kazi, ziko ofisini ndani ya kabati la Kanali. Haziombwi na mke. Huombwa na askari, kwa fomu, na sahihi ya askari. "Na mimi sisaini," akasema. "Ukienda bila mimi, kila mtu atajua nyumba imenishinda."

Nilimtazama kwa makini, nikajaribu kumwona yule kijana wa Mgange aliyenipandia mlima kwa miguu siku tatu mfululizo kuniposa. Sikumwona. Niliona mtu anayeogopa kurudi kijijini kuwa raia.

Jumatatu, 28 Julai

Hatusemezani. Keren ndiye anayebeba ujumbe, na kwa kuwa anaubeba kwa Kiingereza, unafika ukiwa na adabu kuliko ulivyotoka.

Jumatano, 30 Julai

Nimekwenda nyumba ya kona kwa miguu yangu. Sikutumwa, sikuitwa. Nilipanga kusema pole ya unga kwanza, nikaishia kusema tu kwamba nataka pasipoti zangu.

Mumbi alikuwa jikoni, hakuniambia nikae. Nikakaa mwenyewe, kwenye kochi la sebuleni, kulia, mahali pa mke wa Meja. Aliona. Akatoka akarudi na karatasi iliyokunjwa, akaivalia miwani.

"Likizo ni ya askari," akasema. "Tikiti ni za familia. Fanuel alirudisha siku zake. Zenu hakuzigusa, sababu hakujua anaweza kuzigusa. Hakusoma. Na wewe hukusoma sababu hakuna mtu anapeanga mke wa sajenti karatasi." Akasema tikiti zipo, mke anaweza kutangulia na watoto kwa ruhusa ya Kanali peke yake, na sote, yeye akiwemo siku alipokuwa mke wa luteni, tumekuwa tukiishi kama mizigo inayosafiri na mwenye begi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia Jumamosi.

"Jumamosi nilikuwa na chapati za kupika."

Kisha, bila kunitazama, akaniambia kitu ambacho sikumuuliza. Ana mtoto wa kiume Nairobi, walimwacha kwa shangazi yake walipohamishwa mara ya kwanza, na mara ya pili, na ya tatu. Mwezi wa tatu mwaka huu mtoto huyo alimpigia simu kumjulisha kwamba ameoa. Harusi ilikuwa imepita wiki tano. Alipiga simu kwa sababu shangazi alimlazimisha.

"Sikusaidii wewe," akasema. "Usinishukuru. Na zile chapati zilikuwa mbaya, wageni walikula mkate."

Simpendi. Amenikalisha mlangoni mwa jikoni mwaka mzima na nusu, na akipata nafasi atanirudisha. Lakini nimeandika hapa juu tarehe sita kwamba yeye ndiye atakayeniharibia, na maandishi hayo nayaacha kama yalivyo ili yanisute.

Ijumaa, 1 Agosti

Mvua, mwishowe. Bahasha ya kaki ilikuwa chini ya tundu la barua asubuhi. Pasipoti mbili, tikiti mbili, hakuna salamu.

Fanuel alizikuta mezani. Akazifungua moja moja kama mtu anayetafuta kosa. Akasema nikitoka kesho nisitarajie ile barua ya kuongezewa tena. Nikamwambia siitarajii. Akasema na yeye je? Nikamwambia ajitolee, amezoea.

Jumamosi, 2 Agosti

Fanuel alikuwa nje anaosha gari la ofisi kwa ajili ya Scotland. Hakuweza kutupeleka uwanja wa ndege, gari si letu. Jitendra alituchukua mpaka stesheni ya Stanmore, akalivuta begi mpaka kwenye lango na kumpa Keren peremende mbili, moja ya dada.

Kabla hatujatoka Fanuel alifunga maji, akambeba Keren, akamwambia amsalimie Mghoi. Mimi akaniambia, "Mama Mghoi, mtoto akikuambia jambo..." Akaishia hapo. Akafungua maji.

Tumebadilisha treni Green Park. Nimebeba begi, Keren na mkoba kwa ngazi za umeme ambazo hazikwenda. Hakuna aliyetusaidia na sikutaka.

Jumatatu, 4 Agosti, Wundanyi

Ukungu tangu asubuhi, na baridi ile ya Agosti. Kaka yangu alitupokea Voi na gari lake la kubebea mboga.

Mghoi amenipita kimo. Alitoka ndani, akanisalimia kwa mikono yote miwili, akamkumbatia mdogo wake kwa nguvu, mimi akanivutia kiti. Si kigoda changu cha jikoni. Kile cha sebuleni chenye kitambaa. Akaniletea chai kwenye kikombe cha wageni, chenye sahani yake, akasimama kando akauliza kama sukari inatosha. Nimewahi kumwona akimfanyia hivyo mkaguzi wa shule. Mama yangu akamchukua Keren wakaenda kuona mbuzi.

"Mtarudi London lini?" akauliza.

Nikamwambia tikiti inasema tarehe ishirini na mbili, lakini tikiti si mama yake. Nikamwambia kama akitaka nibaki, sirudi.

Alikunja uso, akakaa. "Kwani si wewe ulikataa kuja?"

Nikamwomba arudie.

"Baba aliniambia mwezi wa sita. Alisema tikiti zilikuwa tayari, wewe ndio ulikataa. Kwamba umezoea huko, nisikusumbue, nisikuulize, utajisikia vibaya." Alisema haya kwa utulivu, kwa sauti ya mtu aliyeshayalilia mahali pengine. "Kwa hiyo sikukuuliza."

Mwezi wa sita. Neno mojamoja. Nilikuwa na matusi ya kutosha kumfunika Fanuel kuanzia Scotland mpaka Voi, yote yalikuja mdomoni kwa pamoja, na sikutoa hata moja. Nikimchukua mtu asiyekuwepo nikamtukana, mtoto atabaki na maneno yangu dhidi ya maneno ya baba yake, na ya baba yalitangulia.

Nikatoa simu. Nikampigia, nikaweka sauti ya nje, nikailaza mezani kati yetu. Akapokea haraka.

"Baba Mghoi," nikasema, "Mghoi yuko hapa, anakusikia. Mwambie ni nani aliyerudisha likizo."

Upepo ulikuwa ukivuma upande wake. Akasema yuko na Kanali, tuongee baadaye.

"Neno moja tu. Mwambie."

Tulingoja. Mghoi alikuwa ameinamia simu, mikono iko mapajani, na nilimwona anampa baba yake nafasi, sekunde baada ya sekunde, kwa moyo wote. Fanuel alikohoa. Akaita jina la mtoto mara moja. Hakuendelea.

Mghoi akanyoosha kidole akaikata simu yeye mwenyewe. Kisha akaondoa kile kikombe cha wageni mbele yangu, chai ikiwa nusu, akaenda nacho mpaka mlango wa jikoni, akasimama akiwa amenipa mgongo.

"Mum, umekula lakini, tangu Nairobi?"

Nikamwambia sijala.